Kifaransa cha Nyuma ya Pazia

Kwa miaka kumi na mmoja Kifaransa cha Mpanda kilitoka nyuma ya pazia la kitenge, katika stationery ya Edgar pale Shanwe, na mjini hakuna aliyejua. Walichojua watu ni kwamba Edgar amesoma. Kadi yenye picha yake ilikaa ukutani ndani ya fremu ya kioo, juu ya mashine ya fotokopi, imeandikwa kuwa yeye ni mfasiri wa Kiingereza na Kifaransa wa chama cha wafanyabiashara. Kiingereza alikuwa nacho, si haba. Kifaransa hakuwa nacho hata cha kuombea maji ya kunywa.

Mwenye Kifaransa alikuwa Marsela, mama yake mdogo, ambaye wateja walimwona asubuhi akipiga deki kibarazani na kufuta vumbi kwenye viti vya plastiki. Watu walipoanza kujaa aliingia nyuma ya pazia, akakaa kwenye stuli kati ya katoni za karatasi. Huko ndiko Edgar alikomfuata kila ilipoletwa karatasi ya kwenda Kongo. Wakongo wanaovuka ziwa kuja Karema kununua mchele na mahindi wanajua Kiswahili, tena wanakiongea kwa mbwembwe zao. Lakini ofisi zao na mahakama zao hazitaki karatasi isiyo ya Kifaransa. Basi Edgar alisoma Kiingereza kwa sauti ya chini, akasema maana yake kwa Kiswahili, Marsela akatoa Kifaransa kipande kwa kipande, na Edgar akachapa kwenye laptop, kompyuta ikimrekebishia herufi. Akimaliza alitoka nje akifikicha macho, kama mtu aliyechoshwa na vitabu. Mteja akiuliza yule mama ni nani, Edgar alijibu, "Yule? Mama wa usafi."

Marsela hakuwahi kushika kalamu. Alizaliwa Karema, Mbende wa kwa Wabende, na alipofika miaka kumi kaka yake Ambrosi alipelekwa shule, yeye akavushwa ziwa hadi Moba, upande wa Kongo, kumlelea mtoto binamu yake aliyeolewa huko. Binamu akahamia mbali, akamwacha jikoni kwa masista, na jikoni hapo akakaa miaka kumi na minne. Masista waliongea Kifaransa mezani, waliongea Kifaransa zahanati, na walipogombana waligombana kwa Kifaransa. Yeye aliosha vyombo, masikio wazi.

Siku moja Sista Specioza, aliyekuwa anaongoza zahanati, alimkuta anamjibu daktari mgeni bila kubabaika. Akamvua aproni, akamsimamisha kati ya daktari na akina mama. Ndipo ilipotokea ile ya mtoto. Mama alisema mtoto ameanguka. Marsela akampa daktari neno la kuanguka, daktari akatafuta mfupa uliovunjika mpaka jioni, kumbe mtoto alikuwa na degedege. Kwa mama yule, kuanguka ndiko kushikwa na degedege. Mtoto alipona kwa bahati. Sista Specioza hakumpiga wala hakumgombeza. Alimwambia tu, "Kabla hujanipa neno, mwambie mtu akuonyeshe. Akuonyeshe kwa mikono. Neno ni la mwisho." Tangu siku hiyo, pale zahanati, Marsela hakutoa neno mpaka ameona mikono.

Vita vilipoingia Moba alirudi Karema, akakuta baba amekufa na shamba limeandikwa jina la Ambrosi. "Wewe utalisomaje, hati yenyewe huijui kichwa wala miguu," kaka alimwambia. Akaja Mpanda kwa dada yake Katarina. Katarina naye akafa, akamwachia Edgar akiwa darasa la sita. Marsela alivuna tumbaku kwenye mashamba ya watu, akaipanga na kuifunga kwa mikono mpaka kucha zikawa za kahawia, Edgar akamaliza kidato cha nne, akafungua stationery. Na chama cha wafanyabiashara kilipotafuta mfasiri, Edgar alipeleka karatasi ya majaribio iliyotoka mdomoni mwa mama yake mdogo, neno kwa neno. Kadi ikaja na picha ya Edgar.

"Na mimi je?" Marsela alimuuliza.

"Mama mdogo, wale wanaomba cheti. Utawaonyesha sufuria?"

Edgar alicheka, akasahau. Marsela hakucheka wala hakusahau. Jambo lililomkaa zaidi kooni ni kwamba kuanzia siku ile hakuruhusiwa tena kuwaona wenye karatasi. Mikono ya watu ilibaki upande wa pili wa pazia.

Jumatano hiyo, saa nne asubuhi, aliingia mwanamke wa Kisukuma, mrefu, kanga kiunoni, viatu vya plastiki vina tope la njia ya Mishamo. Alijitaja jina: Esteria, mke wa Luhende. Akasimulia mbele ya kaunta huku Marsela akisikia kila kitu. Mumewe alivuka ziwa na mzigo wa tajiri anayeitwa Masalu. Walipofika Kalemie, Kongo, chombo kikapekuliwa, chini kabisa kukakutwa maboksi ya dawa za hospitali zisizo na kibali. Mwenye chombo alitoroka. Aliyebaki kushikwa ni Luhende, na sasa ana wiki ya tano ndani. Ijumaa anasimama mbele ya hakimu. Wakili wa huko, mtu anaitwa Gervais, amesema bila karatasi ya mwajiri kueleza Luhende alikuwa na kazi gani kwenye chombo kile, atapelekwa gereza kubwa la mbali, na huko watu husahaulika. Masalu ameandikiwa barua na karani wake, kwa Kiingereza, maana aliona Kiingereza ndicho chenye uzito. Sasa Gervais anaitaka kwa Kifaransa. Noah ya abiria wa Karema inaondoka saa sita. Chombo kinavuka alfajiri.

"Umefika, mama," Edgar alisema. "Nusu saa tu. Kaa hapo."

Kabla hajaingia nyuma ya pazia, simu ya Esteria ililia. Marsela alimsikia akisema, "Ndiyo, tajiri, niko kwa mfasiri. Wamebaki wanane? Masikini. Wengine walikufa kiu pale pale bandarini? Yule mwekundu mwenye pembe moja je?"

Edgar akaingia, akavuta stuli yake, akaanza kusoma. Barua ilikuwa fupi. Alitafsiri mstari wa kwanza, wa pili, Marsela akatoa Kifaransa chake taratibu. Wakafika kwenye mstari wenyewe.

"Hapa anasema Luhende alikuwa msimamizi wa stock yote iliyokuwa ndani ya chombo," Edgar alisema. "Stoki. Bidhaa. Msimamizi wa bidhaa zote."

Marsela aliligeukia pazia.

"Mama mdogo. Bidhaa."

"Bidhaa gani?"

"Stoki ni stoki. Hata mimi hapa nina stoki, hizo katoni ulizoegemea ni stoki. Kila duka lina stoki."

"Huyo mama hakutaja duka. Muulize mumewe alikuwa anashika nini."

"Wewe!" Edgar alinong'ona, macho yakielekea pazia. "Nitoke nje nikamuulize mteja maana ya barua aliyoniletea niisome? Ataniona mfasiri wa namna gani? Wewe toa maneno. Kufikiri niachie mimi."

Kufikiri niachie mimi. Marsela alilirudia neno hilo kimoyomoyo. Alijua. Asiseme mtu kwamba hakujua. Alikuwa ameshasikia habari za kiu na za pembe. Stock ya Kiingereza hubeba bidhaa na mifugo pamoja; yeye alijua kwamba Kifaransa kina neno moja la mali ya dukani na neno jingine kabisa la wanyama wa kufuga, na kwamba mtu aliyeshikwa juu ya maboksi ya dawa, ukimwandika msimamizi wa bidhaa zote, umemfungia mlango kwa funguo na funguo umezitupa ziwani. Lakini chini ya karatasi kungekuwa na jina la Edgar na stempu ya Edgar. Siku moja karatasi moja ingekuja kuharibika, na wakubwa wangeuliza ni nani huyu. Miaka kumi na mmoja alikuwa anaingojea karatasi hiyo.

"Haya," akasema. "Andika. *Marchandises*. Bidhaa."

Edgar akachapa. Printa ikalia, stempu ikagonga.

Marsela alichungulia kwenye upenyo wa pazia. Esteria aliipokea karatasi kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama wafanyavyo kwao. "Mungu akubariki, baba. Watoto wangu watamwona baba yao." Akaitandaza juu ya kaunta, akaipiga picha kwa simu, akamtumia Gervais papo hapo. Mikono yake ilikuwa mikubwa. Kwenye kiganja cha kulia palikuwa na mkwaruzo mrefu, mweupe, wa kamba.

Akaondoka. Marsela akachukua kitambaa akafuta kaunta. Akafuta tena. Edgar alikuwa anapiga mluzi wimbo wa redioni. Saa ya ukutani ikafika saa tano na robo. Alipokuwa anakikamua kitambaa, aliona kiganja chake, akaukumbuka ule mkwaruzo wa kamba, akakitupa kitambaa ndooni.

"Unaenda wapi? Kuna passport size za kukata," Edgar alimwambia.

Marsela alitoka, akapita kwa fundi cherehani Jeniffer bila kusalimia, na Jeniffer akamwita nyuma, "We Marsela, umefukuzwa na nyuki?" Alitembea kwa haraka ile ya mwanamke wa miaka hamsini na moja ambaye goti moja halimtii. Noah ya Karema ilikuwa kivulini, magunia juu, kuku watatu wamefungwa miguu kwenye keria. Shadrack, dereva, alikuwa anakula muwa. Esteria alikuwa ameshakaa, siti ya katikati, bahasha kifuani.

"Mama, shuka kidogo," Marsela alisema dirishani.

"Siti itachukuliwa."

"Haichukuliwi. Shuka. Mimi ni wa pale stationery."

"Nilikuona. Wewe ndiye wa usafi. Nimesahau kitu?"

Kwa mara ya kwanza tangu pazia litundikwe, Marsela alimtazama mwenye karatasi usoni. "Mumeo alikuwa anafanya nini ndani ya kile chombo? Usiniambie. Nionyeshe."

Esteria alimwangalia kama anayeangalia mgonjwa. Lakini kuna namna ya kuuliza ambayo mtu haikatalii. Alishuka, akaweka bahasha kwapani, akanyoosha mkono kana kwamba ameshika kamba, akaupitisha juu ya mapembe yasiyoonekana, akafunga fundo, akainama, akagusa nyonga, mmoja, wa pili, wa tatu. Kisha akachota kwa viganja, akanywesha. "Ng'ombe," alisema. "Ng'ombe thelathini wa Masalu. Yeye ni mchungaji, mayu, mama yangu. Boksi hajui hata lilifungwaje. Kwa nini?"

"Karatasi yako haikusema ng'ombe."

"Barua ya tajiri imesema!"

"Barua imesema. Karatasi yako haikusema. Imesema alisimamia bidhaa zote."

Shadrack akatema makapi ya muwa. "Aisee, mama wa deki anasoma Kifaransa! Mama, usituzingue, mwanamke wa watu ana matatizo. Dakika arobaini tunachomoka."

"Sisomi," Marsela alimjibu. "Hata cha kwako Kiswahili sikisomi. Naongea. Mpigie wakili wako, mama. Weka sauti kubwa."

Esteria alisita. Alitazama bahasha, akamtazama mwanamke huyu mwenye kanga yenye madoa ya jiki, akapiga. Gervais alipopokea, Marsela alianza kuongea, na Kifaransa kilimtoka kizima, cha jikoni, cha zahanati, cha ugomvi wa masista, kisicho na mapengo. Shadrack aliacha kutafuna. Abiria wawili walitoa vichwa madirishani. Alipolitaja neno lile la pili, la wanyama, *bétail*, Gervais alipiga kelele upande wa pili. Kisha akageukia Kiswahili chao ili Esteria naye asikie.

"Mama Esteria, huyu mama njo anasema kweli? Ni bangombe? Sababu hii papier umenituma, ni yenyewe bale balikuwa banatafuta! Inasema bwana yako alikuwa chef, mukubwa ya vitu vyote. Na mimi, Mungu wangu, nimeshaitoa copie, nimeshaipeleka kwa greffier."

"Kwa nani?" Esteria aliuliza.

"Karani wa mahakama," Marsela alisema. "Ameshaipeleka kwa karani."

Esteria alikaa chini palepale, kwenye vumbi, miguu imenyooka mbele. Hakulia.

Gervais aliendelea. Ilibidi karatasi ya pili ifanywe, ya kweli, ije na boti. Karatasi mbili zinazogombana zitamfanya hakimu aulize, na hakimu huyu ana tabia moja: humpigia mfasiri simu mbele ya watu wote, amuulize kwa Kifaransa. "Basi mwenye kuweka jina chini, awe ni yule mwenye atajibu. Si mwingine."

Marsela alimgeukia Shadrack. "Utatungoja?"

"Nina abiria tisa, mama."

"Nimeuliza utatungoja?"

Shadrack akakuna shingo. "Mpaka saa sita na nusu. Baada ya hapo mnitukane mtakavyo."

Stationery ilikuwa na wateja wanne walipoingia. Esteria aliweka karatasi juu ya kaunta, stempu ikitazama juu. "Baba, mume wangu alichunga ng'ombe. Umemwandika bidhaa."

Edgar hakumtazama Esteria. Alimtazama mama yake mdogo, na Marsela akaona usoni mwake hofu ambayo hakuwahi kuiona hata siku ya mazishi ya Katarina. Akawavuta wote wawili pembeni, karibu na mashine ya fotokopi.

"Tutarekebisha," alisema kwa sauti ya chini. "Dakika kumi. Lakini mama mdogo, uwaambie hawa watu kwamba wewe ulichanganya karatasi. Kwamba wewe wa usafi ulichukua isiyokuwa yenyewe. Basi. Yaishe."

"Nitasema nilichanganya."

"Hapo sawa."

"Na jina chini liwe langu."

"Mama mdogo."

"Hakimu anampigia mfasiri. Ijumaa. Atakupigia wewe, Edgar? Utamwambia nini? Utamwambia bonjour halafu umpe simu mama wa usafi?"

Edgar akasogea karibu zaidi. "Nitakaa na wewe karibu. Wewe utajibu kama sekretari wangu. Jina la mtu asiyejua kusoma litaishusha karatasi, unamharibia huyu mama kesi yake, hujui mambo ya ofisi."

"Sijui," Marsela alikubali. "Tumuulize mwenye karatasi."

Wote wawili wakamgeukia Esteria. Wateja wanne nao waligeuka. Mmoja alikuwa na picha zake za pasipoti mkononi, hajakatiwa. Esteria aliwatazama mmoja baada ya mwingine, kama anayechagua ng'ombe mnadani.

"Wewe umesoma," akamwambia Edgar, "na umeniandikia jela. Andika jina la mama."

"Unaniua mbele ya watu," Edgar alimwambia Marsela.

"Mimi uliniua mahali pasipo na watu. Nani alisikia? Chapa."

Akachapa. Safari hii Marsela alisimama mbele, kando ya kaunta, akitoa maneno kwa sauti ambayo hata mtu wa barabarani aliisikia. Alilitaja lile neno la ng'ombe, akamfanya Edgar alirudie mara mbili, kisha akaongeza na idadi yao, thelathini, na kwamba mtu huyu kazi yake ilikuwa kuwafunga, kuwanywesha na kuwahesabu, akimuuliza Esteria kila kipande kabla ya kukitoa, na Esteria akaongea na Masalu kwenye simu, Masalu akakubali kila neno. Chini kabisa: Marsela, wa Shanwe, Mpanda, na namba yake ya simu. Dole gumba lake likazama kwenye wino wa zambarau, likatua.

Esteria alikimbia na bahasha. Saa ilikuwa sita na dakika kumi na nane.

"Sasa nawe nenda," Edgar alisema wateja walipotoka. Sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Umetaka jina, umepata jina. Hapa usinikanyagie tena. Nimeona watoto wanaofukuza mama zao nikawalaani, kumbe kila mtu na sababu yake."

"Na mimi niliona watoto wanaokula mama zao," Marsela alimwambia, "nikadhani ni hadithi."

Siku ya Alhamisi alikaa nyumbani, hakupika. Esteria alipiga mara moja, kutoka bandarini Kalemie, kusema amefika na karatasi iko kwa Gervais. Ijumaa Marsela alikwenda kukaa kwenye benchi la Jeniffer, kwa sababu chumbani kwake mtandao unakatika. Alikuwa na simu ndogo ya vitufe, akaiweka mapajani kama yai. Kesi ya Luhende ilikuwa saa mbili ya Kalemie, huku saa tatu.

"Cherehani ikikusumbua niizime," Jeniffer alisema.

"Izime."

"Na redio?"

"Jeniffer, izime kila kitu chenye mdomo."

Simu ililia saa tatu na dakika ishirini. Ilikuwa sauti ya mwanamke, kavu, isiyo na salamu ndefu. Hakimu. Nyuma yake palisikika viti vikisogezwa, na mtu akikohoa. Marsela alisimama bila kujua kwamba amesimama.

Hakimu alimuuliza jina, akajibu. Alimuuliza amesomea wapi Kifaransa. Akajibu kwamba hakusoma. Aliosha vyombo Moba kwa masista. Palikuwa na kicheko ukumbini, hakimu akakikata.

"Mbele yangu kuna karatasi mbili za barua moja," hakimu alisema kwa Kifaransa chake cha ofisi. "Ya kwanza ina stempu na jina la mwanamume aliye na kadi ya chama. Inasema mshitakiwa alisimamia bidhaa zote. Ya pili, ya siku hiyohiyo, ina dole gumba lako. Inasema alichunga ng'ombe. Mke wa mshitakiwa ndiye aliyezileta zote. Niambie kwa nini nisidhani kwamba aliona ya kwanza haimfai, akatafuta mtu wa kumwandikia inayomfaa."

Marsela aliona njia mbili zimelala mbele yake, na ya kwanza ilikuwa tamu. Edgar alikosea, mimi nikasahihisha. Maneno yenyewe yalikuwa yameshafika ulimini. Kumwambia mtu mkubwa, mahakamani, nchi nyingine, kwamba Edgar hajui. Alikuwa ameyalalia maneno hayo miaka kumi na mmoja. Lakini alikuwa amekaa kati ya watu muda mrefu kiasi cha kujua hakimu atapima vipi: stempu upande huu, dole gumba upande ule. Stempu ingeshinda. Edgar angebaki mfasiri, na Luhende angepandishwa gari la gereza kubwa.

"Zote mbili ni zangu," alisema.

"Rudia."

"Karatasi zote mbili zimetoka mdomoni mwangu, mheshimiwa. Yule mwanamume anajua Kiingereza. Kifaransa hajui. Mimi ndiye humtolea, miaka kumi na mmoja. Ya kwanza nilitoa mimi, na ya pili nilitoa mimi."

"Na ya kwanza kwa nini ni tofauti?"

Jeniffer, asiyeelewa neno hata moja, alikuwa ameshika mkasi hewani.

"Niliambiwa bidhaa. Lakini nilikuwa nimeshamsikia mke akitaja mambo ya ng'ombe kwenye simu. Nilijua. Nikaitoa hivyohivyo, makusudi, kwa sababu jina la chini lilikuwa la mtu mwingine na nilitaka aibu imfike. Nilikuwa na kinyongo naye. Yule aliye ndani sikumfikiria. Baadaye niliiona mikono ya mke wake, ndipo nikamfuata barabarani."

Kisha akasikia karatasi ikisogezwa.

"Unajua kwamba hilo ulilolisema, ungekuwa huku ningekuweka ndani?" hakimu aliuliza.

"Najua."

"Na bado umelisema."

"Mheshimiwa, sina lingine la kufanya uamini ya pili."

Hakimu alimwambia karani jambo ambalo Marsela alilisikia vizuri: iondoe ile ya kwanza kwenye jalada. Simu ikakatwa.

Jeniffer alimpa maji, akayashika tu. Saa sita mchana ndipo Esteria alipopiga. Kelele za soko zilikuwa nyuma yake, na mwanamume mmoja alikuwa anakohoa na kucheka kwa pamoja.

"Mayu! Ametoka! Yuko hapa, amekonda kama fito, anakula ugali kwa mikono miwili! Ng'ombe ndio wamekwisha, wanane waliobaki wameuzwa na serikali ya huku, Masalu analia. Lakini ametoka!"

Marsela alikaa. "Mungu mkubwa."

"Ila niambie. Ulipokuwa unaongea na yule mama hakimu, mimi nilikuwa nimesimama palepale. Ukumbi wote ulinyamaza. Gervais alijishika kichwa. Nikamuuliza umesema nini, akaniambia nikuulize mwenyewe. Ulimwambia nini?"

Angeweza kumwambia chochote. Esteria hakujua Kifaransa, na Gervais alikuwa amemwachia yeye mlango. Marsela alifuta mdomo kwa upindo wa kanga, akaanza kutafsiri maneno yake mwenyewe, moja baada ya jingine, bila kulainisha: kwamba ile ya kwanza aliitoa akijua, kwamba aliitoa kwa kinyongo, kwamba Luhende hakumfikiria. Aliyasema kwa Kiswahili cha kwao, na kwa Kiswahili yalikuwa mazito zaidi.

Upande wa pili zilisikika kelele za soko. Mtu alikuwa anauza ndizi. Luhende aliuliza, "Nini? Anasema nini?"

"Mayu," Esteria alisema mwishowe. "Ungeninyamazia, ningekushukuru mpaka naingia kaburini."

"Najua."

"Sasa nakushukuru kidogo."

"Inatosha," Marsela alisema.